Mabaki ya Gauni la Kijani

Kama unayasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, karatasi ya namba mkononi na namba yenyewe bado iko mbali, basi wewe ndiye niliyekukusudia. Sitakueleza ugonjwa ulivyo. Hilo wanalijua madaktari, na mimi nilipoelezwa nilikuwa naitazama kalamu ya daktari tu. Nitakueleza jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla, kwamba ugonjwa huu una wivu. Nilitahadharishwa nywele, nikatahadharishwa kutapika, nikaambiwa hata kucha zitageuka rangi. Wivu hakuutaja mtu.

Mimi ni mtu wa Jadida, Wete, na kazi yangu ni sindano. Nashona kofia za mkono na foronya za maharusi, lakini ninachojulikana nacho ni mifarishi ya viraka, yale matandiko mazito yanayounganishwa kwa vipande vya nguo na kutiwa matambara laini katikati. Kwa ajili ya mifarishi hiyo nilikuwa situpi kitambaa hata kikiwa na upana wa ukucha. Fundi Juma, mwenye cherehani yake barazani karibu na soko, alikuwa akiniwekea mabaki yote ya nguo anazokata. Akiniona napita huacha kazi akaniita, "Bi Rukia, riziki yako hii!" na kiroba mkononi. Tulikwenda hivyo miaka na miaka, hata ikawa mkono wake unatoa kiroba kabla akili yake haijafikiri. Desturi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa mtu wa mwili. Fundi alikuwa akinitania kwamba nguo zangu zinamtia aibu mbele yangu mwenyewe, maana mtu mnene habakishi. "Gauni lako, Bi Rukia, halibakishi hata cha kufutia miwani." Nami nikicheka, kwa sababu unene wangu nilikuwa naupenda, na mume wangu Hamadi alikuwa akiupenda zaidi.

Kivimbe nilikigundua msimu wa karafuu. Nilikuwa nachambua karafuu na wenzangu, nikajikuna chini ya kwapa la kushoto, mkono ukasimama hapo hapo. Msimu ukaisha, karafuu zikauzwa, na mimi bado sijamwambia mtu. Nilipomwambia Hamadi, alikwenda akauza baiskeli moja kati ya mbili anazochukulia samaki kutoka Tumbe, na wiki ile ile tukawa Dar es Salaam na barua ya daktari. Titi la kushoto likakatwa. Kisha nikapangiwa dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu, na kila moja kuvuka bahari kwenda na kurudi.

Tuliporudi baada ya kukatwa, nguo zangu zote zilikuwa zinaniogelea. Hamadi akasema tupite kwa Fundi Juma nikapimwe angalau gauni moja. Nilimgeukia kwa ukali ambao hata leo naukumbuka.

"Asinishonee mtu nguo," nikamwambia. "Atakayenikatia nguo ya mwili huu, ndo kishaniosha maiti huyo. Nguo nilobakisha miye haina haja ya cherehani."

"Astaghfirullah, Mama Fatma!"

"Nshasema."

Hakulirudia tena. Nikawa navaa nguo zangu za zamani, nimezikusanya kwa pini mgongoni.

Dripu ya kwanza nilikwenda mikono mitupu, na ndiyo iliyonifundisha. Tulifika alfajiri, nikaitwa karibu na adhuhuri, nikatoka baada ya laasiri. Saa zote hizo sina la kufanya isipokuwa kutazama watu, na kila niliyemtazama nilimwonea wivu. Niliwaonea wivu wauguzi kwa nywele zilizochomoza chini ya kofia zao. Nilimwonea wivu mwanamke aliyekuwa anapiga deki, ameinama, matiti yake mawili yanakwenda huku na huku, naye ananung'unika mgongo unamuuma. Nilitaka kumwambia tubadilishane. Na niliyemwonea wivu kuliko wote ni mama mmoja wa Kilwa, Mama Zuhura, aliyepangiwa dripu siku zile zile zangu. Yeye alikuwa mzima wa kumtazama, amejifunga kanga mbili hadi shingoni, ugonjwa wake hauna pahala pa kuonekana. Pembeni yake mumewe akimpepea kwa bahasha kubwa ya picha za eksirei, taratibu, bila kuchoka, kutwa nzima. Hamadi wangu alikuwa amelala kwenye benchi la nyuma, mdomo wazi.

Nikarudi Wete nikatengeneza kimkoba. Nakuandikia nilivyokifanya, kwa sababu ukiwa na kazi mkononi saa za benchini hupungua ukali. Nilikata kiroba cha mchele kilichooshwa, nikakitia bitana ya kanga kuukuu, nikakishonea vijifuko vitatu ndani na mkanda wa kuvaa shingoni, ili mikono ibaki huru kwa yale makaratasi ya hospitali. Viraka nilivikata nyumbani kabisa, mraba wa vidole vinne kila kimoja, nikavifunga kumi kumi kwa uzi, kwa sababu huwezi kukaa kwenye benchi la watu ukakata nguo ikawamwagikia miguuni. Uzi niliuzungushia vipande vya boksi. Sindano nilizichomeka kwenye kipande cha sabuni ya mche, zikawa zinapenya kitambaa bila kukwama. Mkasi niliuacha, nikachukua wembe nimeufunga kwenye karatasi ngumu. Na siku ya dripu usijaribu kudarizi maua, maana akili ya siku hiyo haihesabu. Unganisha viraka tu, kimoja na mwenziwe, ukimaliza tisa una pande moja la mfarishi.

Dripu ya pili ikapita hivyo. Niliunganisha pande moja na nusu, na Mama Zuhura akawa anakodolea macho mikono yangu. Nikajisikia vizuri, siwezi kusema uongo. Kwa mara ya kwanza palikuwa na mtu wa kunionea mimi wivu.

Baada ya hapo Hamadi hakuweza kunisindikiza tena. Samaki wa Tumbe hawamngoji mtu, na bila yeye kupiga baiskeli nauli ingetoka wapi. Kwa hivyo kuanzia dripu ya tatu nilivuka peke yangu, na binti yetu Fatma, aliyeolewa Dar, akawa ananipokea bandarini na kunilaza kwake.

Na dripu ya tatu ndiyo iliyonitia ganzi. Ncha za vidole zikafa. Niliporudi nyumbani nilijaribu kutunga uzi kwenye sindano mara saba, mara saba ukapita pembeni. Mimi, niliyekuwa natunga gizani kwa ulimi na kidole. Nikairusha sindano ukutani.

Aliyeiokota alikuwa Mize.

Mize aliachwa na mumewe, akarudi kwa mama yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kwa mwaka mzima kabla ya ugonjwa wangu alikuwa akija kujifunza mifarishi. Kijana, mwepesi, mwembamba hata nikampa jina la Sindano. Tangu nianze kuugua alikuwa akija asubuhi na jioni, anafagia, anapika, anafua. Siku ile aliokota sindano, akakaa mkekani, akatunga uzi kwenye sindano ishirini, kila moja uzi wake ameuzungusha kiunoni mwa sindano ili usitatane, akazipanga kwenye sabuni yangu safu mbili. Nilichotakiwa kufanya safarini ni kuchomoa na kushona. Kila safari iliyofuata alikichukua kimkoba kwao akanitayarishia vivyo hivyo.

Ningemshukuru. Badala yake nilitazama vile vidole vyake vinavyohisi kitu, nikamwambia, "Nyuzi umezikata ndefu."

"Ntazipunguza, Dada," akajibu.

Ndivyo nilivyokuwa. Mchuzi wake wa pweza Hamadi akiula hadi kufuta sahani kwa kidole, na mimi kila kitu mdomoni kina ladha ya msumari. Sahani yangu ikirudi jikoni ilivyokuja. Nilikuwa nimelala chumbani nawasikia wanazungumza ukumbini, sauti za chini, nikiamka nikitoka wanabadilisha mazungumzo. Mize akicheka nilikuwa nahesabu muda wa kicheko chake.

Hata Fatma, mwanangu wa kumzaa, alinitia shaka. Katika safari ya nne, masika imechacha na boti imenitapisha njia nzima, alikuwa akinifunga kanga baada ya kuniogesha. Akachukua uzi kwenye kimkoba changu akanizungushia kifuani, akafunga fundo. Akauteremsha kiunoni, fundo jingine. Mabegani, fundo la tatu.

"Wanifanya n'ni?"

"Nacheza tu, Mama. Nataka kujua mfarishi wangu uwe upana gani utufunike mimi na wewe."

Asubuhi akanipa bahasha iliyofungwa kwa gundi. "Mpe Mize." Nikaivusha bahari bahasha ile, kifuani, nikaikabidhi kwa mkono wangu mwenyewe. Njia nzima nilikuwa nawaza mwanangu ana siri gani na Mize ambayo mimi siijui.

Wiki moja kabla ya dripu ya tano, Hamadi aliingia ndani na kifurushi cha gazeti kwapani. Gazeti lilikuwa limechanika pembeni, nikaona kitambaa. Kijani cha jani changa la mgomba, na vijiua vyeupe vidogo. Kitambaa cha gharama.

"Cha nani?"

"Cha mtu," akasema, akakipeleka nyuma.

Mwanamume akisema cha mtu, mtu huyo si mkewe.

Siku ya safari nilipita sokoni kwenda kuingoja gari ya Mkoani, kwenye bandari ya boti. Fundi Juma aliponiona aliacha cherehani inazunguka, akatoka mbio na kiroba. "Bi Rukia! Riziki yako, ya njiani!" Nikakitia kwenye kimkoba bila kukifungua. Baadaye nilikuja kujua kwamba Fundi alionywa sana afiche gauni. Hakuna aliyemwambia afiche na mabaki.

Nilikifungua kwenye benchi Dar, kusudi nianze kuchagua rangi. Juu kabisa ya mabaki kulikuwa na kijani cha jani la mgomba na vijiua vyeupe.

Kwa mtu mwingine mabaki ni mabaki. Mimi nayasoma. Mkato wa kwapa una mviringo wake, mkato wa shingo una wake, na vipande virefu vya pembeni vinakwambia fundi alipokunja kitambaa aliacha kiasi gani nje ya mwili. Nikavipanga mapajani, kimoja kimoja, namba yangu inaitwa na siisikii. Mabega yalikuwa membamba. Kiuno cha msichana. Na vipande vya pembeni vilikuwa vipana, vingi, vya kushiba mkono, na mtu mnene habakishi. Gauni lile lilikuwa la mwanamke mwembamba. Jadida nzima mimi namjua mwanamke mmoja tu mwembamba kiasi hicho, na ndiye aliyenitungia sindano nilizokuwa nazo shingoni.

Sijui nikueleze vipi. Nilipokatwa titi sikulia, nilipopoteza nywele sikulia. Pale nililia mbele za watu, kiraka cha kijani mdomoni nisisikike. Mama Zuhura akaniuliza kama ni maumivu, nikamwambia ndiyo. Mumewe akahamisha bahasha akanipepea na mimi kidogo, nikamchukia yeye na wema wake.

Nilimwona Mize ndani ya gauni lile. Nilimwona amekaa mahala pangu kwenye mkeka, kifua chake kizima, nywele zake zimetiwa mafuta, Hamadi anafuta sahani. Dripu ikaingia mshipani tone baada ya tone, na mimi nawaza naponea nani. Nikipona nitarudi kuwa mke wa kuhurumiwa, nikae chumba cha nyuma nishone mfarishi wa kitanda chao. Kabla chupa haijaisha nilikuwa nimeamua kwamba hiyo ndiyo ya mwisho.

Wiki tatu nyumbani sikusema. Nilitapika, nikalala, nikatazama. Mize akawa anaondoka mapema kuliko kawaida, ana kazi nyumbani kwao. Kila dalili niliyoitafuta niliiona. Siku mbili kabla ya safari ya sita Hamadi alirudi kutoka Tumbe, akaweka kikapu chini, akasema kwa furaha, "Keshokutwa safari, Mama Fatma. Nshazungumza na wa gari."

"Sendi."

"Hwendi wapi?"

"Dar. Tano zanitosha."

Alidhani namtania. Aliponitazama usoni akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, maana ndiyo iliyokuwa karibu. "Imebaki moja tu! Kwa n'ni?"

"Kamuulize mwenye kitambaa cha kijani."

Uso wake ukabadilika. Ni uso wa mtu aliyefumaniwa, nami nikaona kwamba sikuota.

"Ushajuwa," akasema.

"Nshajuwa."

"Nani kakwambia?"

"Mabaki."

Akajifuta uso kwa mikono yote miwili. "Nlitaka umalize ya sita kwanza, ndo nikwambie. Nlijuwa utakasirika, nakujuwa weye. Mize ndo alonambia, Baba Fatma fanya tu, akishaona mwenyewe atakubali."

"Mize ndo alosema?"

"Ndo yeye. Hata Fatma karidhia."

Bahasha niliyoivusha kifuani ikanijia. Nikainuka, nikajitupia kanga, nikatoka. "Wendapi?" akaita nyuma yangu. Nyumba tatu tu, lakini nilipumzika mara mbili, mara ya pili nimeshika ukuta wa jirani, watu wananisalimia nami naitikia kwa kichwa. Nilichukua kiganja kizima cha mabaki ya kijani nimrushie usoni.

Mize alikuwa amekaa chini, mlango wazi, gauni limemjaa mapajani. Anadarizi shingo kwa uzi mweupe. Aliponiona alitaka kulificha, akakuta hana pa kuliweka.

"Livae," nikamwambia.

"Dada?"

"Livae n'kuone bibi harusi."

Alinitazama. Nikaona anapiga hesabu taratibu, kisha macho yake yakafunguka, na sijapata kumwona na uso ule kabla wala baada yake. Hakujitetea. Aliinuka akalivaa juu ya nguo zake, kichwa kikaingia, mikono ikaingia, na mabegani gauni likagoma. Akavuta. Likagoma. Akabaki pale kati ya chumba, mikono juu, kichwa ndani ya kijani, sauti inatoka humo humo.

"Dada, miye sipiti humu. N'vue, ntalichana."

"Hupiti vipi? Weye Sindano!"

"Sindano ya mwaka juzi! Kila sahani ulorudisha weye, nimeimaliza miye. N'vue, pumzi yaniisha."

Nilimvua. Mikono yangu yenye ganzi ikashindwa na vishikizo, akajivua mwenyewe mwishowe, jasho linamtoka. Gauni likatoka likiwa limegeuka ndani nje, na pale kifuani, upande wa kushoto, nikaona mfuko. Mfuko wa mviringo, umeshonwa kwa mshono mdogo wa kurudia ambao nilimfundisha mimi. Nikaushika. Ulikuwa laini, una uzito wa kadiri. Ulijazwa mabaki, yaliyokatwa madogo madogo na kushindiliwa vizuri. Kwenye msumari ukutani ulining'inia uzi wenye mafundo matatu.

Niliuangalia uzi ule. Kisha nikatazama mikono yangu, mapaja yangu chini ya kanga. Mwanamke mwembamba niliyemsoma kwenye benchi, mwenye mabega membamba na kiuno cha msichana, niliyemchukia hata nikaona bora nife kuliko kukaa naye nyumba moja, hakuwa Mize. Mwili wangu ulikuwa umeondoka wote na mimi, na pini zangu zote mgongoni, sikuwa na habari.

Nikakaa sakafuni. Mize akakaa mbali kidogo.

"Miye n'mtake Baba Fatma kwa lipi?" akasema. "Anuka nguru toka asubuhi hadi jioni."

Nikacheka, si kwa kutaka. Yeye hakucheka.

"Miezi yote hino nakutungia sindano, Dada. Kila moja naisomea Fatiha ndo naichomeka. Kumbe weye wakaa wanipima."

Nilimwomba radhi palepale, kwa maneno machache yasiyofaa kitu. Akasema, "Nenda ukamalize dripu yako," akageukia ukutani. Viraka vya kijani nilivyokwenda navyo nilikuwa bado nimevikumbatia kiganjani.

Hamadi nilimkuta mlangoni, kijasho kinamtoka, hajui kama aje au akae. Nilimweleza. Ilimchukua muda kuelewa nilichokuwa nimefikiri, na alipoelewa alikasirika kwa mara ya kwanza tangu niugue. "Wanijuwa miaka yote hino," akasema, akatoka. Akarudi baadaye na embe moja, akanimenyea. Kama unangoja nikwambie kwamba wote walinisamehe siku ile, hapana. Hamadi ilimchukua juma zima. Mize ilimchukua mpaka baada ya Idd, na sikuwa na haki ya kumhimiza.

Lakini alfajiri ya safari, nilipofungua mlango, kimkoba changu kilikuwa kimetundikwa kwenye kitasa kwa nje, na gauni limekunjwa ndani ya kanga juu ya kizingiti. Shingo ilikuwa imekwisha kudariziwa. Nikafungua kimkoba nikatazama sabuni. Sindano ishirini, safu mbili, nyuzi fupi.

Nilivirudisha viraka vya kijani kimkobani, nikalivaa gauni. Lilinikaa kama ngozi. Nilikwenda nalo Mkoani, nikavuka nalo, nikashuka nalo bandarini, na Fatma aliponiona alijifanya ameingiwa na kitu jichoni.

Nisikudanganye kwamba wivu uliisha siku hiyo. Upo mpaka leo. Nikimwona mwanamke anainama bila kujishika kifua, unanipanda. Nimejifunza tu kwamba macho yake mabovu, yanaona nusu ya kitu, na nusu nyingine yanajitungia. Kwa hivyo ukiusikia, usiuambie mtu kwanza wala usiupe nauli. Upe kiraka ushone.

Mama Zuhura alikuwa benchini kabla yangu. Kanga zake mbili hadi shingoni, mumewe pembeni na bahasha, anampepea. Nikakaa, nikafungua kimkoba. Aliniangalia juu hadi chini, na nikaona kwenye macho yake kitu ninachokijua vizuri sana.

"Gauni zuri," akasema. "Nani kakushonea?"

"Si langu," nikamwambia. "La mke mwenzangu."

Akashtuka. Nikacheka, nikamhadithia yote kwa sauti ya chini, mabaki, Mize na kichwa chake ndani ya nguo. Alicheka mpaka akajishika kanga. Kisha akasogea karibu nami, mgongo kwa mumewe.

"Wewe angalau wako alikununulia kitambaa," akasema. "Huyu wangu tangu nikatwe hajanitazama. Anapepea huku anatazama ukuta."

Nikageuka. Ni kweli. Dripu tano nimemwonea wivu kwa mkono wa mumewe, na sikupata kuyaangalia macho ya mumewe yalikuwa wapi.

Nikauchukua mkono wake, nikauweka kifuani mwangu, kushoto. "Minya."

Akaminya. "Pamba?"

"Mabaki."

Hakuutoa mkono mara moja. "Nishonee na mimi," akasema.

Nikachomoa sindano moja kwenye sabuni, uzi wake tayari. Viraka vya kijani vilikuwa bado vimo humo, vyote. Nikamwuliza upande gani.

"Zote mbili," akasema.

Nikaviweka mapajani, nikaanza kuvichagua.